Mkono Kwenye Kitasa

Jumamosi, 4 Mei

Dada mpendwa,

Nimefika salama, isipokuwa mwavuli wangu umebaki kwenu nyuma ya mlango. Naomba usimwazimishe mtu. Mvua ikininyeshea nitalazimika kumweleza Mkuu wa Masjala kwa nini nimeingia kwenye chumba cha mafaili nikiwa nimelowa, na wewe unanijua. Mtu akiniuliza jambo mbele ya makarani wenzangu, hata kama anauliza saa tu, najibu kama mshitakiwa.

Leo nimekwenda kwa Mama Mafungu. Nilipokueleza habari zake ulikuwa na pini mdomoni unampima mteja nguo, kwa hiyo naeleza upya. Anatandika turubai kando ya ukuta nyuma ya posta na kuuza vitabu vilivyokwishasomwa, vitano vitano, vimefungwa kamba. Migongo anaigeuza ndani ili usione jina la kitabu hata kimoja. Unaona kingo za kurasa tu. Sheria yake ni kwamba ukifungua kamba, umenunua. Basi tunazunguka turubai watu wazima kabisa, tunanusa, tunapima uzito mkononi, tunaangalia kama kingo zina madoa ya chai, maana kitabu chenye madoa ya chai kilimpendeza mtu. Bei ni ya kutupa. Nikishanunua sifungui njiani. Nalibana fungu kwapani mpaka chumbani, nachemsha chai, nakaa kitandani, ndipo nakata fundo. Katika wiki nzima hakuna dakika ninayokuwa mtulivu kuliko hiyo.

Leo nimepata kitabu cha kufuga nyuki, cha hesabu, viwili vya mapishi, na nusu ya kamusi inayoanzia herufi M. Nimefurahi sana. Nusu ya kamusi ni bora kuliko kukosa kabisa.

Bibi anaendeleaje na kitabu nilichomletea? Mimi nilisoma mwanzo tu, yule seremala alipogombana na baba mkwe wake na kwenda mbali kujenga daraja. Niliona Baba Mdogo ameshika zamu na Shangazi anamfuata. Natumaini sheria ya Bibi bado inafuatwa: kila mgeni anayekuja kumwona asome kipande ndipo apewe chai, aweke njiti ya kiberiti alipoishia, na mtu asikitoe kitabu nje ya nyumba wala kuchungulia mbele. Nakiri kwamba kwenye basi nilitamani kuchungulia, lakini kitabu kilikuwa kwenu.

Msalimie Bibi, mke wangu. Mwambie sijaoa mke mwingine.

Mdogo wako,
Karani


Jumatatu, 13 Mei

Mdogo wangu mwoga,

Mwavuli upo. Mke wako anasema kama hujaoa mwingine ni kwa sababu unaogopa kumsemesha, si kwa kumpenda yeye.

Habari kubwa ni hii. Hospitali wameita. Bibi atapasuliwa jicho Jumatano ya tarehe 12 Juni. Daktari wa macho anakuja kwa siku chache kisha anaondoka, na asiyekuwepo amekosa mpaka mwakani. Muuguzi amenivuta pembeni akaniambia jicho la kulia halina mwakani. La kushoto unajua lilishakwenda.

Nilidhani Bibi atafurahi. Alipapasa kitabu mapajani, akasema, "Siendi mpaka nijue seremala amerudi au hakurudi."

Nikamwambia, "Bibi, kitabu kitakungoja."

"Kitaningoja mimi? Au mimi ndiye nitakingoja huko niendako nikifia mezani? Na huko sijaambiwa kama wanasoma."

Baba Mdogo akajaribu kucheka, akaambiwa anyamaze kwani hata kusoma kwenyewe anasoma kama mtu anayesukuma gari. Tumembembeleza wote. Jibu ni hilo hilo: kitabu kwanza, kisu baadaye.

Nikasema basi, si kitabu tu, tutakimaliza kabla ya tarehe. Jioni alipolala nikavunja sheria, nikafungua mwishoni nione zimebaki kurasa ngapi.

Hakuna mwisho. Jalada la nyuma halipo, na kurasa za mwisho zimenyofoka zote. Unakumbuka seremala alimwacha mkewe nyumba moja na mama yake, yule mama mwenye maneno ambaye Bibi anampenda kuliko wote kwa sababu anasema yale yale ambayo Bibi angesema? Sasa ukurasa wa mwisho tulio nao, seremala amefika mlangoni kwao. Sentensi inaishia hivi: "Akapanda ngazi, akaweka mkono kwenye kitasa, na".

Na nini? Nimekaa na hiyo "na" mpaka uzi umeniishia kwenye cherehani.

Bibi hajui. Nifanyeje? Hii usinijibu kwa barua ya kusomwa mbele yake. Andika juu ya bahasha kwamba ni yangu peke yangu.

Dada yako,
Fundi


Jumamosi, 18 Mei
(Usimsomee Bibi)

Dada,

Nimeipata barua yako. Kitabu nilikileta mimi. Nilikiona chembamba upande mmoja, nikajiambia labda ndivyo kilivyo. Bibi akipofuka atakuwa amepofushwa na fungu langu la bei rahisi.

Asubuhi nimewahi kwa Mama Mafungu kabla hajamaliza kutandika.

"Mama, lile fungu la mwezi uliopita lilikuwa na kitabu kisicho na mwisho."

"Ulilifungua?"

"Nililinunua."

"Basi ni lako. Chenye mwisho ningekuuzia bei ya chenye mwisho."

Nikataka kuondoka. Miguu ilikuwa imeshageuka. Kisha sijui nilipata wapi sauti, nikamweleza habari zote za Bibi, jicho, daktari, kitasa, nikisema haraka kama ninayesoma tangazo. Wateja wengine wakaacha kunusa vitabu, wakasikiliza. Mama Mafungu akanitazama. Akasema, "Fungua."

"Lipi?"

"Yote. Lakini utayafunga mwenyewe, na fundo langu si la kitoto."

Dada, nilifungua mafungu yote ya turubai lile. Hajawahi kumruhusu mtu. Nilifanya kazi mpaka jua likawa utosini, na mwanamke mmoja aliyekuja kununua akaacha shughuli zake akanisaidia kupanga. Kitabu kama kile hakipo. Mafundo yangu yalimchekesha Mama Mafungu mpaka akalazimika kukaa chini. Alisema yanafanana na ya mtu anayefunga kiatu huku anakimbizwa. Ameahidi kuangalia kila gunia jipya.

Lakini tarehe 12 haiwezi kungoja gunia. Kwa hiyo nimefikiri jambo. Nitauandika mwisho mimi. Nitaupiga taipu ofisini, karatasi nitazikata ziwe na ukubwa wa kitabu, wewe utazigandisha kwa gundi ndani. Nyumbani hakuna atakayejua isipokuwa wewe.

Shida ni kwamba sijasikia katikati. Naomba uniulizie kila aliyesoma, kipande chake kilikuwa na nini. Waulize kwa ujanja. Nisije nikamtaja mtu aliyekwisha kuondoka.

Karani


Ijumaa, 24 Mei

Mwoga wangu mpendwa,

Umenishangaza. Nimesoma barua yako mara mbili kuhakikisha ni mwandiko wako.

Nimewauliza. Baba Mdogo alisoma habari za kule darajani. Anasema msimamizi alimtukana seremala, seremala akampiga ngumi tatu, akampiga na nyundo, msimamizi akaanguka mtoni, akaogelea, akarudi, akapigwa tena. Mimi nilikuwepo nashona, na kweli nilisikia ngumi nyingi, lakini macho yake hayakuwa kwenye kitabu. Yalikuwa darini.

Shangazi alisoma sehemu ya nyumbani. Mimi siku hiyo nilikuwa nimepeleka nguo kwa mteja. Namuuliza kilitokea nini, ananiambia, "Hakuna kitu. Walikaa, wakaongea." Namwambia Shangazi, kipande kirefu vile, waliongea nini? "Mambo ya wanawake. Mama wa seremala alikohoa kidogo, akapona." Kisha akaniuliza kama kuna chai. Nilimpa chai.

Mimi nilisoma pale mke anapopaka rangi mlango ili mumewe akirudi asiupotee. Mlango ni wa buluu. Usiusahau.

Sasa nisikilize. Usiandike kama ofisini. Nakujua. Usije ukasema seremala "aliripoti nyumbani kwake siku ya Alhamisi". Mwandikie Bibi, usiandikie faili.

Na fanya haraka. Leo amenipa nguo zake za hospitali nizipige pasi, nikafurahi, kumbe anataka nizirudishe sandukuni. "Zikae tayari," anasema, "kwa atakayezitumia baada yangu." Nililia jikoni.

Fundi


Jumamosi, 1 Juni
(Usimsomee Bibi)

Dada,

Karatasi zimo humu. Gundi upake kidogo sana, ukingoni tu.

Lazima nikueleze yaliyonipata. Nilikuwa napiga taipu saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakiwa nje. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa kweli "Seremala aliwasili", nikaichana. Siku ya tatu nimeandika "akazungusha kitasa, mlango wa buluu ukafunguka, akaingia", na nikasikia mtu anapumua nyuma yangu. Mkuu wa Masjala. Akaizungusha karatasi ikatoka kwenye mashine, akaisoma amesimama, akaenda nayo chumbani kwake na kufunga mlango.

Mchana wote nilikuwa naaga mafaili moja moja. Nilishapanga kichwani jinsi nitakavyomweleza Baba Mdogo kwamba sina kazi, na jinsi atakavyoniambia njoo gerejini kwangu ukamate spana. Saa ya kufunga ofisi Mkuu akatoka, akaweka karatasi mezani kwangu. Pembeni alikuwa ameandika kwa penseli: "Mtu aliyekaa mbali hivyo hajifungulii. Anaondoa mkono, anabisha hodi, anangoja. Je, nani anamfungulia?"

Akasema, "Tumia karatasi nzuri, ziko kabati la juu. Hizi unazotumia zinachanika." Akavaa kofia yake, akaenda. Dada, mtu huyu nimemwogopa tangu siku ya kwanza.

Nikakaa na swali lake. Nani anamfungulia? Nilifikiria mkewe, nikaona ataanza kulia na mimi sitajua kuandika kilio. Ndipo nikamfikiria yule mama. Nikaona jinsi Bibi anavyonifungulia mimi. Basi seremala anaondoa mkono kwenye kitasa, anabisha. Ndani kimya. Anabisha tena. Mama yake anafungua, anamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, anasema, "Umechelewa. Futa miguu." Hapo ndipo anapojua kwamba amerudi.

Mengine utasoma mwenyewe. Kama ni mabaya, sema tu kwamba mwandishi alichoka.

Karani


Jumapili, 9 Juni

Mdogo wangu,

Nimesoma leo. Walikuwepo wote, Baba Mdogo na watoto wake wamekaa sakafuni, Shangazi kwenye kigoda karibu na dirisha, hakuna aliyegusa chai. Nilipofika kwenye "na" nikageuza ukurasa kwenda kwenye karatasi zako bila kuvuta pumzi ili nisijisaliti.

Seremala akabisha. Baba Mdogo akasema "Karibu!" kabla hajajizuia. Nikasoma: mlango ukafunguka, mama yake akasimama pale, akasema, "Umechelewa. Futa miguu."

Shangazi akapiga kelele ndogo, kama aliyechomwa sindano. Akajifunika uso na khanga, akatoka nje. Tukamsikia analia uani. Lakini si kilio cha mtu aliyefurahi. Nilitaka kusimama, Bibi akasema, "Soma."

Nikamaliza. Bibi hakusema vizuri wala vibaya. Alinyoosha mkono nikampa kitabu, akapapasa ukurasa wa mwisho kwa kidole gumba, polepole, mpaka kona. Akauliza, "Ni huu mwisho?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hakuna zaidi?"

"Hakuna."

Akakifunga kitabu. Kisha akasema, "Haya. Zile nguo ziko wapi?"

Anakwenda, mdogo wangu! Jumanne tunalala hospitali, mimi naye. Lakini sikufichi, sikupenda jinsi alivyosema hivyo. Alikuwa kama mtu aliyeshindwa mchezo. Na Shangazi amekataa kuniambia alililia nini. Ameondoka bila kuaga, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu nimfahamu.

Nitakuandikia kukiwa na habari. Usife kabla.

Fundi


Jumamosi, 15 Juni
(Usimsomee Bibi, kwa hali yoyote)

Dada,

Sina habari zenu tangu Jumatano. Simu ya ofisi ina kufuli. Nimekwenda posta kila jioni mpaka mtu wa dirishani anatikisa kichwa kabla sijafika. Kama kuna lililotokea, niambie, hata liwe nini. Kutojua ndiko kunakonimaliza.

Na sasa kuna hili lingine. Leo nilipokata kona ya posta Mama Mafungu alipiga makofi kutoka mbali. "Wewe! Mjukuu!" Watu wote wakageuka, nusura nirudi nilikotoka. Akanipa fungu lenye kitabu kimoja tu, kimefungwa kamba, fundo lake, mgongo ndani. Nikasema mbona kimoja. Akasema, "Sheria ni sheria, hata kwa kimoja. Nenda kafungulie nyumbani." Nikataka kumlipa, akageukia mteja mwingine kana kwamba simo.

Ni chenyewe. Kizima. Sikungoja chai. Nimekisoma chote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sasa naandika nikiwa nimekaa sakafuni.

Kule darajani hakuna ngumi hata moja, Dada. Msimamizi anamtukana seremala, na seremala anaomba radhi na kurudi kazini. Hilo dogo. Katika kile kipande cha Shangazi, mama wa seremala hakohoi akapona. Anakufa. Anakufa kitandani hospitali, ameshika mkono wa mkwe wake, kurasa tisa nzima. Na mimi nimemtoa kaburini, nikamsimamisha mlangoni na kumfanya aseme futa miguu! Nimemfufua maiti mbele ya familia nzima. Sasa najua Shangazi alililia nini.

Na mwisho wa kweli ni huu: "akaweka mkono kwenye kitasa, na akauondoa. Akashuka ngazi taratibu asije akasikika, akarudi alikotoka." Basi. Hakubisha hata hodi.

Nilimdanganya Bibi ili apande meza ya kupasuliwa. Kama amepanda na hakushuka, amekwenda na uongo wangu. Kama ameshuka, siku moja atajua. Nifanye nini na kitabu hiki? Nikichome? Siwezi kuchoma kitabu. Nimejaribu kukitazama tu karibu na jiko nikajisikia vibaya.

Tafadhali andika.

Karani


Jumatano, 19 Juni

Mwanangu,

Barua yako nimeifungua mimi Shangazi yako. Dada yako bado yuko hospitali na Bibi, analala chini ya kitanda chake, na nilikuja nyumbani kuwalisha kuku. Nisamehe, niliona bahasha nikajua unahangaika.

Kwanza hili, ili upumue: Bibi mzima. Bandeji imefunguliwa jana. Tulisimama wote kuzunguka kitanda kama tunapiga picha. Daktari akamwuliza, "Mama, unaona nini?" Akapepesa, akanitazama mimi, akasema, "Naona gauni. Mwanangu, siku zote hizi ulikuwa unatoka nje na gauni hilo?" Daktari mwenyewe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Baba yako Mdogo alitoka kwenda kulia kwenye ngazi, akarudi akisema kuna vumbi.

Umepumua? Haya, sasa la pili.

Ni kweli, yule mama anakufa. Nilifika ukurasa ule nikiwa peke yangu na Bibi, barua ya hospitali ikiwa juu ya meza. Mama yangu mzazi amekaa mbele yangu, anangoja nimwambie mama mwingine amelazwa na hatoki. Ulimi ulikataa. Nikageuza kurasa mbili mbili mpaka nikafika mahali watu wanakula. Nikasema alikohoa, akapona. Sikumwambia mtu, maana sheria ya Bibi mnaijua, na mimi ndiye niliyewafundisha ninyi kuifuata.

Dada yako aliposoma kwamba mlango umefunguliwa na mama, nilidhani kitabu chenyewe kimenisuta. Nilijua amekufa, nimemwona akifa kwa macho yangu, halafu anasimama mlangoni na kusema maneno ambayo ni ya mama yangu kabisa. Nililia kwa hofu kwanza. Nikalia tena kwa sababu nilitamani iwe hivyo. Sikujua kuwa ni wewe.

Kitabu kizima usikichome. Kifiche. Bibi yuko na furaha, tusimharibie.

Shangazi yako


Jumapili, 30 Juni

Mume wangu,

Mwandiko huu usiucheke. Ni wa kwangu mwenyewe. Herufi ni kubwa kwa sababu mkono umesahau, si kwa sababu ya jicho. Jicho linaona mpaka nywele za pua za Baba yako Mdogo. Wamenipa miwani.

Kitu cha kwanza nilichosoma nilipofika nyumbani ni barua zako. Zilikuwa kwenye droo ya cherehani. Juu umeandika "Usimsomee Bibi". Sikusomewa na mtu. Nimesoma mwenyewe.

Sasa nikuambie ninyi ni watu wa namna gani. Mnadhani mtu asiyeona hasikii. Shangazi yako alipogeuza kurasa mbili mbili nilisikia kila mara. Karatasi mbili zina sauti nzito. Nikajua huyo mama amekufa, na nikajua mwanangu hawezi kuniambia. Nikamwomba anieleze kile chakula walichokuwa wanakula ili asijue kuwa nimejua. Baba yako Mdogo ngumi zake nazijua tangu akiwa mtoto. Mtu anayesoma ngumi kwenye kitabu hugeuza ukurasa. Yeye alipigana ukurasa mmoja mpaka chai ikapoa.

Na karatasi zako zililia kama za serikali. Zilinukia gundi. Dada yako alisoma bila kuvuta pumzi, nikaogopa ataanguka.

Lakini kuna jambo ambalo hata yeye halijui. Siku ile uliponiwekea kitabu mapajani, kabla hujasoma neno la kwanza, nilipapasa nyuma. Hakuna jalada. Nyuzi zinaning'inia. Nilijua tangu siku hiyo kwamba hakina mwisho. Sikusema kwa sababu ulikuwa umefurahi nacho.

Hospitali walipoita, niliogopa. Usimwambie mtu, ingawa najua hii itasomwa na nyumba nzima. Niliogopa kisu, niliogopa kulala na watu wanaonitazama usoni. Siwezi kusema naogopa mbele ya wanangu. Nikasema siendi mpaka mwisho wa kitabu, maana nilijua mwisho haupo. Nilikuwa nimejificha mahali pazuri sana.

Ndipo ukanitoa. Dada yako alipogeuza ule ukurasa na karatasi ikalia, nilijua ni nani aliyeandika. Nikamwona yule mtoto anayeogopa kuulizwa saa, amekaa kwenye mashine ya ofisi na mkubwa wake anapumua nyuma yake. Hilo la mkubwa sikulijua mpaka niliposoma barua, lakini moyoni nililijua. Nikaona aibu. Nikajisemea, ikiwa huyu ameweza, mimi nina miaka yote hii nangoja nini? Nikaomba nguo.

Seremala wa kwenye kitabu aliondoa mkono akarudi alikotoka. Simshangai. Na mimi nilikuwa nimeshauondoa.

Nimesikia unacho kizima na kwamba Shangazi yako amekuambia ukifiche. Usikifiche. Usikitume kwa posta pia. Kilete mwenyewe Jumamosi, pamoja na uso wako, nimeusahau. Pitia kwa huyo mwanamke wa mafundo umsalimie, na ukimkuta ana fungu lenye madoa ya chai, lichukue.

Safari hii nitasoma mimi, kwa sauti. Ninyi mtakaa sakafuni na kusikiliza, na chai mtapewa nikimaliza. Tutaanza mwanzo. Na tukifika kwenye kile kitanda cha hospitali, Shangazi yako asitoke nje. Nitageuza mbili mbili.

Mwavuli wako upo. Ukifika, futa miguu.

Mke wako wa kwanza,
Bibi